Jiwe la Mjomba

Katika lupango letu, pale Manika mjini Kolwezi, maji yana majina mengi. Kuna maji ya bomba, ambayo yakifika usiku wa manane kila mwenye usingizi mwepesi anaamka na bidoni lake. Kuna maji ya foraji (kisima kirefu) ya jirani, tunayonunua kwa bidoni la njano la lita 20. Kuna maji ya mvua, yanayoteremka kwenye mabati kuanzia Oktoba hadi Aprili na kuishia kwenye pipa la Nkambo, yaani mama yake baba watoto. Kuna maji ya chupa, ya mgeni na ya mgonjwa. Kila aina ina kazi yake na ina mtetezi wake, na ugomvi mkubwa kuliko yote uliowahi kuzuka nyumbani kwetu kwa ajili ya maji haukuhusu maji ya kunywa wala ya kufulia. Ulihusu maji ya samaki.

Nazungumzia samaki wa kutazama. Baba watoto aliwapata kwa mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba wake mgodini, akawa anafungasha kurudi kwao na hana wa kumwachia tangi lake la kioo. Tangi lenyewe lina urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Hizo ni lita 200, yaani kilo 200 za maji kabla hujahesabu kioo, changarawe na mawe. Meza ya sebuleni isingelihimili. Fundi alitujengea jukwaa la matofali na saruji kando ya ukuta, mbali na dirisha, maana jua likiyapiga maji kutwa nzima, mwani hauchelewi kuota na kioo kikawa kijani.

Ndani yake walikuwamo samaki wa Ziwa Tanganyika, jamii ya wale wanaoitwa na wataalamu Neolamprologus brichardi, jina walilopewa kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi kwenda nchi za nje. Ni wa urefu wa kidole, rangi yao kahawia iliyofifia, mapezi yametiwa ukingo wa buluu na nyeupe, na mkia unaishia kwa nyuzi mbili ndefu. Nkambo aliwakagua kwa muda, kisha akauliza: “Hawa basamaki banakulaka nini, na siye tutabakula siku gani?” Aliambiwa hawaliwi. Akanyamaza, akarudi kwenye sombe yake, na kwa muda mrefu hakulijali tangi lile kuliko alivyojali ukuta ulio nyuma yake.

Aliyembadilisha mawazo ni binti yetu, kifungua mimba, anayesoma kemia na biolojia sekondari. Jioni moja alimvutia kiti karibu na kioo, akamwonyesha. Kwenye upenyo kati ya mawe mawili kulikuwa na mayai. Mama samaki alikuwa ndani, baba yu mlangoni, lakini hawakuwa peke yao. Watoto wa uzazi uliotangulia, wasiozidi ukucha wa dole gumba, walikuwa kazini pia. Mmoja alijaza kinywa mchanga pangoni, akatoka nao, akautema mbali, akarudi kujaza tena. Mwingine alimkabili samaki mkubwa wa kupita, akapanua mapezi na kumfukuza. Ndivyo walivyo samaki hawa: wakubwa hawaondoki nyumbani mapema, hubaki kuwatunza na kuwalinda wadogo zao. Nkambo, aliyelea wadogo zake mwenyewe kabla hajalea wanawe, alitazama hadi bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Tangu siku hiyo tangi lilikuwa lake kuliko letu sote. Humo ndimo taabu ilimoanzia, kwa sababu mtu akipenda kitu hutaka kukipa kilicho bora alichonacho, na kilicho bora kwa Nkambo ni maji ya mvua.

Mhandisi alikuwa ametuachia karatasi moja ya maagizo na kibati cha vijikaratasi vya kupimia maji. Maagizo yalikuwa machache. Badilisheni robo ya maji kila wiki, msibadilishe yote kamwe. Lisheni kidogo, kile wanachokimaliza kwa dakika moja au mbili. Tumieni maji magumu. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili bila kueleza.

Robo ya lita 200 ni lita 50, ambazo ni bidoni mbili na nusu. Kazi yenyewe si ngumu ukiizoea. Unazamisha mpira mwembamba hadi ujae, unaziba ncha moja kwa kidole, unaishusha kwenye ndoo iliyo chini kuliko tangi, unaachia, na maji yanakuja yenyewe. Ncha ya juu unaipitisha kwenye changarawe ili ifyonze mavi na mabaki ya chakula yaliyojificha humo. Maji yale machafu hayamwagwi ovyo. Mchicha na lengalenga vya nyuma ya nyumba havijawahi kupata mbolea iliyo bora kuliko hiyo. Kama unarudishia maji ya bomba, unayaacha kwenye bidoni lisilofunikwa usiku mzima na siku inayofuata, ili klorini iliyotiwa kwa ajili ya usalama wetu sisi wanadamu iruke. Kuna miji inayotumia kloramini badala ya klorini ya kawaida, nayo hairuki kwa kulazwa; hiyo inataka dawa ya kuivunja.

Somo la kwanza tulilipata mapema, kwa mkono wa mpwa wangu aliyekuja kukaa nasi. Ni kijana msafi. Aliona sponji ya chujio imekuwa nyeusi, akaitoa, akaifikicha kwa sabuni ya unga chini ya bomba mpaka ikang’aa, akairudisha. Baada ya siku chache maji yalikuwa na ukungu mweupe na samaki wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, matamvua yakienda mbio. Uchafu ule mweusi ulikuwa na uhai. Samaki hutoa amonia kwenye mkojo na kupitia matamvua, na amonia humchoma samaki yuleyule aliyeitoa. Kuna bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Makao yao makuu ni sponji. Kuwakuza upya katika tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita. Kijana alikuwa amewasafisha wote kwa nia njema kabisa. Tulibadilisha maji kidogo kidogo kila siku, tukapunguza chakula, na samaki wakapona. Sponji sasa huoshwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kwa kuikamua tu, bila sabuni.

Kuhusu umeme sitasema mengi, kila mkazi wa Kolwezi anayajua. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba hapa jirani, na ule mkondo mrefu wa nyaya kutoka Inga, takribani kilomita 1,700, uliokamilika 1982, unaishia mjini kwetu. Hata hivyo usiku wa giza upo. Pampu ikisimama, hewa hupungua majini na bakteria wa chujio huanza kukosa pumzi ndani ya saa chache. Tunachota maji ya tangi kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, watoto hupokezana. Juni na Julai baridi ya huku juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, huingia mpaka sebuleni, na samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 26. Hita ikikosa umeme, tangi linavishwa blanketi kama mgonjwa wa malaria.

Narudi kwenye mvua.

Maji ya foraji ya jirani ni magumu. Chini ya Kolwezi kuna miamba ya dolomiti, na maji yanayokaa humo hutoka yamebeba chokaa na magnesi. Sufuria ya kuchemshia maji huota gamba jeupe ndani, sabuni haitoi povu, na Nkambo hajawahi kuyapenda. “Mai ile iko na majiwe,” alikuwa akisema. “Mai ya mvula ni mai ya Mungu, haina kitu ndani.” Mvua za Novemba zilipojaza pipa, akaanza kujaza tangi kwa maji ya Mungu. Alifanya hivyo asubuhi sisi tukiwa kazini na watoto shuleni, bidoni moja leo, nusu kesho, kwa upendo. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu maji yalikuwa meupe kama hewa na Nkambo hakaguliwi kazi yake.

Muda mrefu kabla ya mvua hizo, mdogo wangu wa kiume, ambaye watoto humwita Mjomba, alikuwa amerudi kutoka safari zake na zawadi. Lilikuwa jiwe la malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ukubwa wa ngumi mbili, limekatwa upande mmoja na kusuguliwa mpaka miviringo yake ya kijani cheusi na kijani cheupe ikaonekana yote. Mawe ya namna hiyo yametoka katika machimbo ya Kolwezi yakaenda kukaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na ukiliona moja lililosuguliwa vizuri utaelewa kwa nini. Mjomba alitaka likae ndani ya tangi. Baba watoto alisita. Mjomba akasema kule Lushi (Lubumbashi) kuna dawa ya samaki iitwayo kijani cha malakiti, kila mfugaji anaijua. Ikiwa dawa inawaponya, jiwe litawadhuru vipi? Hoja ilikuwa na sura ya ukweli. Dawa hiyo ipo kweli na imetumika miaka mingi dhidi ya ukungu na vijidudu vya samaki. Lakini ni rangi iliyotengenezwa kiwandani, haina shaba hata chembe, wala haijawahi kukutana na jiwe hilo. Hatukulijua hili siku ile. Jiwe likaingia, taa ikawashwa, na sebule nzima ikapendeza.

Kwa muda mrefu halikumdhuru yeyote. Jambo hili ndilo lililotuchelewesha baadaye, kwa kuwa kila mtu aliapa kwamba jiwe limekaa humo tangu zamani na samaki wanazaana. Lilikuwa limekaa kwenye maji magumu. Ndani ya maji yenye chokaa nyingi na pH ya juu, malakiti huyeyuka kwa shida sana, na hata ile shaba kidogo inayotoka hushikwa na chumvi za maji isimfikie samaki kwa nguvu zake zote.

Konokono wetu wa tangini ndio waliotangulia kufa. Walikuwa wadogo, weusi, magamba yamechongoka, kazi yao kupita juu ya kioo usiku wakila mwani. Kifungua mimba aliandika kwenye daftari lake kwamba hawatembei. Baadaye aliandika kwamba wamelala chali juu ya changarawe, mlango wa gamba u wazi, na wananuka. Sisi wakubwa tulilichukua kuwa jambo dogo. Konokono ni konokono. Kumbe tungalijua. Kabla ya dawa mpya kupatikana, salfeti ya shaba ilimwagwa miaka na miaka kwenye mifereji ya mashamba ya Misri na Sudan kuwaua konokono wanaoeneza kichocho. Konokono huonja shaba mapema kuliko sisi.

Kisha alfajiri moja Nkambo aliita kwa sauti ambayo watoto hawajawahi kuisikia. Tulikuta samaki wadogo, wale walinzi wa ukubwa wa ukucha, wamelala chini. Wakubwa walikuwa wakijisugua kwenye mawe, wakishtuka na kurukia kioo, miili imefunikwa utelezi wa kijivu. Baba wa pango alikuwa bado mlangoni pake lakini ameinama upande mmoja, tamvua moja likifunguka na lingine limejifunga.

Hapo kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Mpwa wangu aliapa kwamba hakugusa sponji. Mjomba alisema ni maji ya pipa. Nkambo alisema ni baridi, halafu akasema ni chakula kipya, halafu akaanza kulia, na baba watoto akamfokea Mjomba kwa kumliza mama yake. Mjomba akataka kutia makala ya mbabula majini, kwa kuwa alisikia mkaa hunyonya sumu. Mkaa unaonyonya sumu ni ule ulioamilishwa kiwandani kwa kazi hiyo. Makala ya kupikia yana majivu yake na si dawa. Nilimzuia. Katikati ya kelele binti yetu alichovya kijikaratasi, akakilinganisha na rangi za kwenye kibati, akasema kwa utulivu: “Mama, maji yamekuwa laini. Ugumu umekwisha kabisa. Na pH imeshuka chini ya 7.”

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Samaki wetu walikuwa wamehamishwa nchi bila kutoka nyumbani.

Kishawishi cha wakati kama huo ni kumwaga yote na kujaza maji mapya ya foraji. Hilo lingewamaliza. Katika maji yenye pH ya chini, amonia hukaa katika umbo lisilodhuru sana; ukiipandisha pH ghafla, amonia ileile hugeuka sumu kali ndani ya dakika, na mwili wa samaki nao haustahimili mruko huo wa chumvi. Kwa hiyo tuliwatoa samaki waliokuwa hai tukawaweka kwenye beseni pana pamoja na maji yao wenyewe, kiasi kidogo. Shangazi wa watoto, ambaye ni muuguzi, alileta mpira wa dripu. Tukatundika bidoni la maji ya foraji juu ya msumari wa pazia, tukafunga mpira, tukalegeza kigurudumu chake mpaka maji yakadondoka tone kwa tone ndani ya beseni, namna anavyodondoshewa mtu aliyeishiwa maji mwilini. Beseni likikaribia kujaa tulipunguza, tone likaendelea. Nkambo alikaa kando yake siku nzima na kitenge chake mabegani, na kila aliyemwomba akapumzike alimjibu kwa mkono tu.

Jioni, baba wa pango alisimama wima.

Maji laini peke yake yangeweza kuwaumiza hivyo, lakini konokono kutangulia kufa kulitutia shaka. Binti yetu alilitoa jiwe. Uso wake uliosuguliwa, uliokuwa unameta, ulikuwa umefifia na kukwaruza mkononi. Akaliloweka kwanza kwa maji ili vumbi lisiruke, maana vumbi la malakiti halifai kuvutwa puani, kisha akavunja kipande kidogo kwa nyundo, nje. Akakitia ndani ya glasi kuukuu, akamimina siki. Vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye jiwe, taratibu, kisha siki ikaanza kugeuka rangi, kwanza kijani chepesi, baadaye buluu inayopendeza mno. Akazamisha msumari safi wa chuma, akatuambia tungoje. Alipoutoa, sehemu iliyokuwa ndani ya siki ilikuwa nyekundu. Akamkabidhi Nkambo. Ulikuwa umevaa mukuba, yaani shaba.

Hakuna mtu aliyezaliwa Kolwezi asiyeitambua rangi hiyo. Wazee wa Katanga waliyeyusha malakiti kwa moto wa makala wakapata misalaba ya shaba ya kununulia na ya kuolea, karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuujenga mji huu mwaka 1937. Viwandani leo mawe ya kijani huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha shaba ikatolewa kwenye maji hayo kwa umeme. Tangi letu lilikuwa limefanya kazi ileile kwa mwendo wa kinyonga. Bakteria wanaokula amonia hutengeneza asidi kidogo kidogo. Chokaa ya maji ya foraji ndiyo iliyokuwa ikiizima kila wiki. Maji ya mvua hayana chokaa. Pipa la Nkambo lilipochukua nafasi ya bidoni la njano, asidi haikupata wa kuizima, pH ikateremka, na jiwe likaanza kutoa shaba ndani ya maji ambayo hayakuwa tena na chumvi za kuipunguza makali.

Nkambo aliugeuzageuza ule msumari. “Fasi ya mukuba, muti haiotake,” akasema. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utoto nisilifikirie. Vilima vya shaba vya nchi yetu vinajulikana kwa mbali kwa kukosa miti. Msitu wa miombo unafika chini ya kilima ukasimama, na juu kuna nyasi na maua madogo machache yaliyojifunza kustahimili. Watafutaji wa madini walifuata alama hizo. Nkambo alijua jambo hilo kabla ya sisi sote, ila jiwe lililosuguliwa likakaa chini ya taa halikumkumbusha kilima.

Nimejitahidi kuelewa ni shaba kiasi gani inayomtosha samaki, na jibu limenitisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa ya binadamu. Dawa za shaba wanazotumia wafugaji kuua vimelea vya samaki hutiwa kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, ikizidi kidogo humwua mgonjwa pamoja na ugonjwa, na katika maji laini hata kipimo hicho ni hatari. Maji yanaweza basi kuwa halali kwa mtu na yakawa na shaba mara kumi ya dawa ya samaki. Februari 2025, ng’ambo ya mpaka huko Chambishi, Zambia, bwawa la taka za mgodi wa shaba lilipobomoka, tindikali iliingia Mto Kafue na samaki wakaelea kwa umbali mrefu. Yaliyotokea mtoni ndiyo yaliyotokea kwenye kioo chetu, kwa kipimo cha sebule.

Na pipa lenyewe halikutoka mikono mitupu. Mabati yanayolijaza yametiwa zinki, ambayo samaki haipendi. Juu ya mabati kuna vumbi la barabara inayopitwa na malori ya madini mchana na usiku. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao wa mtaa wa Kasulo, hapahapa Kolwezi, walikokuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mikojo ya wakazi, watoto wakizidi wakubwa. Nilipomsomea Nkambo habari hiyo hakusema neno. Kesho yake aliliinua pipa akaliosha, na siku hizi mvua ya kwanza baada ya kiangazi anaiacha ioshe mabati na kumwagika. Anayaweka maji ya mvua zinazofuata, kwa ajili ya kufulia.

Wengi wa wale walinzi wadogo hawakupona. Nkambo alikataa watupwe jalalani; tuliwazika chini ya mwembe. Baba na mama wa pango walirudi tangini baada ya changarawe kuoshwa, mawe ya mto kuchemshwa na kurudishwa, na maji kujazwa upya kwa foraji. Sponji tulikuwa tumeiokoa ndani ya ndoo yenye pampu ya betri, na bakteria wake ndio waliolianzisha tangi upya. Mjomba alilia zaidi ya ilivyostahili na akasamehewa. Leo Nkambo ndiye anayeshika ufunguo wa kibati cha vijikaratasi. Jumamosi asubuhi humwita kifungua mimba, wanapima maji ya bidoni kabla hayajaingia na maji ya tangi kabla hayajatoka, wanaandika namba mbili daftarini, ndipo mpira unazamishwa. Msimu huu pango lina mayai tena, na wa uzazi wa kwanza tangu msiba ule wameshaanza kubeba mchanga.

Kwako msomaji mwenye tangi la samaki, uwe Kolwezi, Likasi, Lubumbashi au ng’ambo kule Kitwe na Ndola: jiwe la kijani liweke kabatini, na lile jeusi la kobalti vilevile. Usitumbukize majini jiwe la machimbo, sarafu, waya wala bomba la shaba. Ukitaka kubadili aina ya maji, badili kwa wiki nyingi na upime ugumu kila mara. Na konokono wakiacha kutembea, usingoje samaki.